Hesabu ya Betri ya Mama

Kwenye mashine ya oksijeni ya mama nilikuwa nimebandika kadi yenye tarakimu moja tu: 4. Niliiandika kwa kalamu nene nyekundu, nikaifunika kwa selotepu. Maana yake ilikuwa kwamba stima ikipotea, betri iliyo chini ya kitanda itaendesha mashine kwa saa nne. Niliitazama kadi hiyo kila asubuhi, moyo ukatulia, nikafunga mlango nikaenda zangu dukani.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nina duka la dawa za mifugo na vifaranga pale Sosiot, na mteja akiniambia ng'ombe wake ni "mkubwa tu", simpi dawa mpaka arudi nyumbani ampime kifua kwa kamba. Wengine huondoka wamenuna. Wanasema mdomo wangu unachoma kuliko sindano ninazouza, na sijawahi kuwapinga. Kitu kikishapimwa hakinitishi tena. Kisichopimika ndicho kinachoninyima usingizi, na nimekuwa hivyo tangu utotoni.

Mama alikuja huku kwenye mashamba ya chai kutoka milima ya Kisii akiwa bado bi harusi. Alichuma majani miaka mingi, na sisi tukalelewa katika nyumba ya chumba kimoja, jiko la kuni likiwa hatua mbili kutoka kitandani. Baadaye baba alinunua kipande cha ardhi huku Belgut, katikati ya majirani Wakipsigis, tukahamia. Baba alipofariki mama akabaki hapo na jiko lake la kuni, kwa sababu chai ya gesi, alisema, haina ladha. Mapafu yalipochoka na moshi, daktari mmoja mjini Kericho akatuambia atahitaji oksijeni nyumbani. Mwaka wa kwanza alikuwa akivaa mrija saa chache za mchana, usiku analala vizuri bila huo. Mwaka wa pili mashine ikawa haizimwi kabisa.

Na stima ya huku kila mtu anaijua. Upepo ukiangusha tawi moja la mkaratusi kule juu, vijiji vitatu vinatafuta mishumaa. Kwa hiyo, mashine iliponunuliwa, nilienda mjini kwa fundi wa betri, mzee mmoja mtaratibu ambaye wazazi wake walitoka Nyeri kuja kufanya biashara Kericho. Nilimwambia sitaki maneno mengi, nataka kujua saa ngapi.

Alivunja kipande cha boksi akaandika juu yake. Betri hii ni ya ampia mia mbili, volti kumi na mbili, zidisha, unapata elfu mbili na mia nne. Mashine ya mama inakula wati mia tatu. Gawanya, unapata nane. Nilianza kutabasamu. Akaikata ile nane kwa mstari, akaandika nne.

"Betri si sufuria, madam," akasema. "Hukombi mpaka chini. Nusu ya kwanza ni yako, nusu ya pili ni ya betri yenyewe. Ukikomba hiyo ya pili mara mbili tatu umeiua, na hata hutajua umeiua. Itawaka tu kama kawaida."

Akaongeza kwamba ile inveta, kisanduku kinachogeuza nguvu ya betri kuwa stima ya nyumbani, nayo ina ushuru wake, kwa hiyo nisishangae nikipata pungufu kidogo. Mimi nilichosikia ni nne tu.

Jumapili iliyofuata nilifanya jaribio. Nilizima swichi kubwa ya nyumba nikakaa kitini kando ya mama na saa mkononi, yeye akicheka kwamba nailinda betri kama kuku anayeatamia. Saa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Inveta ilianza kulia kuonya dakika tano kabla ya saa nne kutimia, nami nikarudisha stima hapo hapo, kama fundi alivyoonya. Nilifurahi nikachinja jogoo. Kutoka kwetu hadi hospitali mjini, hata barabara ikiwa tope, ni chini ya saa moja. Ukiwa na saa nne, unaweza kutafuta gari, ukalikosa, ukatafuta lingine, na mama bado anapumua.

Baada ya hapo niliweka sheria. Hakuna kitu kingine kwenye inveta ila mashine. Majirani wa mteremko wa chini walikuwa wamekaa miezi bila stima tangu transfoma yao iungue, na walianza kuja na simu wakiomba kuchajiwa. Niliwaambia hapa si kwa kinyozi anayechaji simu za watu. Niliziba tundu la pili la soketi ya inveta kwa utepe wa karatasi, nikaondoka nikijiona mlinzi hodari wa mama yangu.

Sheria hiyo niliivunja mimi mwenyewe, lakini kwa wakati ule sikuona kama naivunja. Ilikuwa mwaka ule wa kwanza, baridi ya Julai, ile inayoshuka kwenye chai mpaka mikono inakufa ganzi. Nilikuwa nimepokea vifaranga mia tatu wa siku moja, na majuma hayo stima ilikuwa ikipotea kila usiku, dukani na nyumbani. Kifaranga wa siku moja akikosa joto usiku mmoja unamwokota asubuhi amekufa. Nikawabeba nyumbani, nikawaweka sebuleni ndani ya duara la makaratasi magumu, nikawawashia taa kubwa ya joto kwa inveta. Mama alikuwa amelala chumbani bila mashine. Inveta ililia, nikaibonyeza ikanyamaza, ikalia tena, nikaibonyeza tena, mpaka ikazima yenyewe karibu na alfajiri. Usiku wa pili hivyo hivyo. Hakufa hata kifaranga mmoja. Nilijisifu kwa wateja wiki nzima. Baada ya hapo stima ikipotea ilirudi kabla ya saa moja, na inveta ikawaka kama kawaida.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuja mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili. Mtungi mdogo wa oksijeni, ule wa akiba, nilikuwa nimeupeleka mjini kujazwa. Mwanamke wa duka la gesi aliniuliza kama nitakaa bila mtungi mpaka Ijumaa. Nikamwambia nina saa nne.

Nilirudi nyumbani mapema siku hiyo, kwa sababu mawingu yalikuwa meusi upande wa Kipkelion na wateja walikuwa wamekimbia. Saa tisa na dakika ishirini mvua ya mawe ilianza kupiga mabati. Kama hujawahi kukaa chini ya mabati mvua ya mawe ikinyesha huku kwetu, basi jua kwamba hata ukipiga kelele mtu aliye kando yako hasikii. Stima ikapotea hapo hapo. Taa ya inveta ikageuka kutoka kijani hadi rangi ya chungwa, mashine ikaguna mara moja, ikaendelea. Nilitazama saa. Nikatazama kadi. Tisa na dakika ishirini, ongeza saa nne, ni saa moja na dakika ishirini usiku. Nikamfunika mama blanketi la pili, nikaanza kupiga simu kutafuta gari.

Mtandao haukuwepo. Hilo halikunitisha sana, mara nyingi mnara hupotea na stima. Mvua ya mawe ilipopungua nikavaa gambuti nikatoka hadi barabarani. Mkaratusi mkubwa wa kwenye kona ulikuwa umelala barabara nzima, na nyaya za stima zimelala chini yake kwenye maji. Huku upande wetu sikuona gari. Upande wa pili, hata kama lingekuja, lisingepita, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angezikaribia zile nyaya. Nilirudi nikikimbia, nikijihesabia njiani. Zimebaki saa tatu. Watu wa msumeno watafika, saa moja. Watakata, saa moja. Bado ninayo moja mkononi.

Nilikuwa bado nahesabu niliposikia mlio. Niliusikia nikiwa mlangoni, nikavua gambuti moja nikaacha nyingine mguuni. Inveta ilikuwa ikilia. Saa kumi na dakika arobaini.

Ilikuwa imefanya kazi saa moja na dakika ishirini tu.

Nilipiga magoti nikaitazama kwa karibu. Niligusa vichwa vya betri, viko sawa, vimekazwa. Nikaizima ile kelele, ikarudi. Hofu niliyoipata hapo sijawahi kuipata tena. Ile nne ilikuwa bado imebandikwa mbele ya macho yangu, nyekundu, na haikuwa na maana yoyote, na kama nne si nne, basi sijui imebaki dakika ngapi. Inaweza kuwa thelathini. Inaweza kuwa mbili. Mama alikuwa ananitazama kutoka kitandani, ametulia tu, mrija puani, na mimi sikuwa na namba ya kumwambia.

Nikafuata waya wa inveta kwa mkono, nikitafuta sijui nini. Ule utepe wa karatasi kwenye tundu la pili ulikuwa umebanduliwa. Waya mweupe ulikuwa umechomekwa hapo, ukapanda ukutani, ukaingia chini ya blanketi la mama. Nilifunua. Kulikuwa na simu tatu zimefungwa kwenye leso, zimelala kando ya mguu wake, na nyingine moja inachajiwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema moyoni, na kilikuwa nguoni kweli. Nilichomoa ule waya nikautupa. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikiliwaza nasimama ghafla hata kama niko njiani. Nilimfokea mama yangu.

Nilimwambia kwamba nilimkataza. Nilimwambia amewapa watu pumzi yake wachezee, watu ambao hata hawajui jina la ugonjwa wake. Nikamuuliza tangu lini, na nikataka jibu. Yeye akaanza kujibu. Mtu wa mapafu yale akisema neno moja hupumzika, akisema la pili hupumzika zaidi, na mimi nilisimama juu yake nikingoja la tatu.

"Simu zako zitakuua, mama," nilimwambia. "Umesikia? Zitakuua leo."

Akafunga mdomo.

Ndipo mlango ukagongwa.

Lazima nieleze kwa nini sikufungua. Sisi ni wakuja hapa, hata kama nimezaliwa huku. Kuna mwaka mmoja wa uchaguzi, nikiwa msichana, mlango wetu uligongwa wakati wa magharibi na watu wengi, na tulitoka kupitia dirisha la nyuma, tukalala kanisani wiki nzima. Hakuna aliyeuawa kwetu, nyumba haikuchomwa, ng'ombe wawili tu walichukuliwa. Majirani wengine walitulilia tulipokuwa hatupo. Lakini tangu siku hiyo, mlango ukigongwa kwa ngumi mwili wangu hauulizi ni nani. Panga huwa nyuma ya mlango. Siku ile nje kulikuwa kumefunga giza la mvua, nilisikia sauti za kiume na za kike, na nilibaki nimeshika ukingo wa kitanda. Niliwaza kwamba wamejua hatuna stima, hatuna mtandao, barabara imefungwa. Wakagonga tena, kwa nguvu zaidi.

Inveta ililia mlio mrefu, ikazima. Mashine ikashusha pumzi kama mtu anayekaa chini, ikanyamaza. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo na kitu.

Katika kimya kile mama alijiinua kwa kiwiko. Huwa ananiita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Alivuta hewa mara mbili, nikaona shingo yake ikiingia ndani.

"Mama," akasema. "Fungua mlango."

Nilifungua. Nisingefungua kwa mwingine yeyote.

Walikuwa watatu. Mbele alisimama dereva wa lori linalokusanya majani mabichi kwenye kituo cha kupimia chai, kijana mrefu wa Kipsigis ninayemjua kwa sura tu, kofia ikichuruzika maji. Nyuma yake wanawake wawili wa mteremko wa chini, bado wamevaa aproni za plastiki za kuchumia. Hawakuwa na kitu mkononi. Dereva alivua kofia.

"Pole kwa kusumbua," akasema. "Nimekujia simu yangu. Kogo huniwekea."

Kogo ni bibi, kwa lugha yao. Hakuwa ananiambia mimi, alikuwa ameshachungulia kitandani, na nikaona uso wake ukibadilika. Mwanamke mmoja akanipita bila kuomba ruhusa, akakaa nyuma ya mama, akamwegemeza kifuani mwake aketi wima. Alifanya hivyo kama mtu aliyekwisha kufanya mara nyingi. Mimi nilikuwa nimesimama na gambuti moja.

Nikaeleza kwa maneno ambayo sijui yalitokaje. Betri imekufa. Mashine inataka wati mia tatu. Mtungi uko mjini. Nilisema hata habari ya kugawanya kwa mbili. Dereva alinisikiliza akitazama inveta, si mimi.

"Hii inatumia volti kumi na mbili?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Lori yangu iko na betri mbili, kila moja kumi na mbili. Tunashika moja tu. Engine ikikimbia haiwezi isha."

"Mpaka lini?" nikauliza. Bado nilitaka namba.

"Mpaka diseli iishe. Nilijaza tanki asubuhi." Na akaondoka mbio, akikanyaga mawe ya barafu uani, bila kuchukua simu yake.

Lori lilikuwa kituoni, upande wetu wa ule mkaratusi, zaidi ya nusu kilomita, barabara ya tope inayopanda. Nina kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni iliyo mwilini. Tisini kwa mama ni siku nzuri. Nilimbana kidole. Themanini na sita. Nikasema nisitazame, nikatazama. Themanini na mbili. Kucha zake zilianza kugeuka rangi. Yule mwanamke aliyemshika alikuwa akipumua polepole kwa sauti, akivuta na kushusha, ili mama amfuate, na mama alikuwa akimfuata. Mwenzake alishika miguu yake akiisugua, akiomba kwa Kikipsigis. Sabini na tisa. Mimi sikuweza kuomba. Nilikuwa nikihesabu hatua za mtu anayekimbia, dakika nne kupanda, moja ya kuwasha, na kama matairi yatateleza, je, na kama yatazama? Sabini na sita. Nilikitoa kile kifaa nikakiweka mfukoni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani kukataa kusoma namba.

Nikamshika mama mkono. Nilitaka kumwambia nisamehe na sikutaka ajibu, kwa hiyo sikusema.

Tulilisikia lori kabla ya kuliona. Liliingia uani kinyumenyume, likavunja ua wangu wa miiba ya kei-apo, na majani mabichi ya watu yakiwa yamejaa nyuma chini ya turubai. Dereva akafungua sanduku la betri ubavuni. Tukabeba inveta, akakaza nyaya zake kwenye betri moja kwa mikono yenye matope, mimi nikavuta waya wa ekstensheni kupitia dirishani. Taa ikawaka kijani. Niliposikia mashine ikiguna ndani ya nyumba, nikakaa kwenye tope.

Ilichukua dakika kumi mama kurudi themanini na nane. Mwanamke aliyemsugua miguu aliendelea kuomba hata baada ya hapo, nadhani alikuwa anashukuru sasa. Kabla jua halijazama kabisa watu wa msumeno walifika na fundi wa stima aliyekata nyaya, na saa moja hivi barabara ikafunguka upande mmoja. Hatukungoja gari lingine. Mama alipandishwa mbele ya lori, mashine miguuni pake, waya ukipita dirishani hadi ubavuni, na wale wanawake wakapanda juu ya majani kushikilia inveta isiloane. Tulienda mjini polepole tukinuka chai mbichi. Dereva alifika kiwandani amechelewa, na sijui alijieleza vipi, maana nilipomuuliza baadaye alicheka tu.

Hospitalini mama alikaa siku sita. Siku ya tatu, akiwa na nafuu, aliniambia mwenyewe habari za simu, kidogo kidogo. Kwamba ile soketi ndiyo pekee anayoifikia bila kuvua mrija. Kwamba alianza na simu moja, ya yule mwanamke aliyemwegemeza. Nikamuuliza ni kwa nini, wakati nilikuwa nimekataza. Akasema mtu akikuachia simu yake lazima arudi, na akirudi ataingia, na akiingia atakuuliza umeshindaje. Mimi nilikuwa dukani kutwa. Kila siku karibu saa kumi na moja, kabla sijarudi, watu wanne walikuwa wakiingia chumbani kwake kufuata simu zao na kumgeuza, kumpa maji, kumwegemeza akohoe, na sikujua.

Bado niliamini kwamba simu ndizo zilizomaliza betri. Nilikuwa nimepunguza hasira, sikuwa nimebadili hesabu. Nilimpelekea fundi ile betri nikimweleza habari za simu nne kila siku. Aliniacha nimalize. Akafungua mifuniko, akatumbukiza kipimo chake cha kioo katika kila tundu, akaipa mzigo wa taa akaitazama.

"Stima ikiwako, simu zinachaji na stima. Hazigusi betri," akasema. "Na hata zingegusa, simu nne kwa hii ni kama mbu kunyonya ndovu. Hii ilikombwa mpaka chini. Zamani. Kuna kitu kikubwa uliwasha? Kitu cha joto?"

Nikasema hapana. Nilikuwa nimefika mlangoni kwake ndipo nikawakumbuka vifaranga mia tatu, wazima wote, na kidole changu kikibonyeza kile kisanduku kinyamaze. Nilishika kizingiti. Watu walikuwa wakipita na mizigo yao na mimi nilisimama pale nikiona aibu mbele ya fundi ambaye hata hakuwa ananitazama.

Nilinunua betri mpya. Sasa naipima kila mwezi, Jumapili ya kwanza, swichi kubwa imezimwa, na kadi inabadilishwa hata kama zimepungua dakika kumi. Mtungi wa akiba hautoki nyumbani kabla mwingine haujaingia. Na tundu la pili la soketi liko wazi. Lakini kumwambia mama habari za vifaranga kulinichukua majuma mengi. Kila nikitaka kuanza niliogopa, na si kwamba angenikaripia, kwa sababu hajawahi. Niliogopa angesema hakuna neno.

Nilimwambia Jumapili moja wakati wa jaribio, tukiwa tumekaa tunasikiliza mashine. Nilisema yote, usiku wa kwanza na wa pili, mlio na kidole. Alikuwa anakunja leso ya simu. Hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa macho. Nilisikia ikilia."

Nikamuuliza, basi siku ile ya mvua, niliposimama juu yake nikimfokea kwamba simu zake zitamuua, mbona hakuniambia kwamba ni mimi?

Alivuta hewa kwanza, akapumzika, akavuta tena.

"Pumzi ilikuwa imebaki kidogo, mama," akasema. "Nikaiweka ya mlango."